Fundi wa Kupunguza Ukali

Niliposema natafuta mtu wa kufundisha mbwa, mama mkwe alisimamisha mchi hewani.

"Umfundishe nini?" akauliza. "Kusoma?"

Sikucheka. Mwaka ule sikuwa mtu wa kucheka ovyo. Nilikuwa na binti anayetambaa, mume aliyekwenda kuchimba dhahabu maporini huko Geita na aliyekuwa akituma salamu, salamu tupu, na cheti cha kidato cha nne nilichokifunga ndani ya kanga chini ya kitanda kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Juu ya hayo yote nilikuwa na mbwa aliyehukumiwa kufa.

Hukumu ililetwa na balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuja mwenyewe, amevaa suruali iliyotiwa kiraka kipya matakoni, akasimama mbali kabisa, barabarani, akatangaza kwa sauti yake ya mikutanoni. Asubuhi ya mkutano wa kijiji angekuja na mgambo mwenye bunduki. Mbwa akiwa amebadilika, ataishi. Akiwa hajabadilika, risasi.

"Mbwa anabadilikaje, ndugu balozi?"

"Wewe ndiye msomi," akasema, akaondoka kinyumenyume, macho kwa mbwa.

Nilikasirika mpaka nikasahau sufuria jikoni. Nilikasirika kwa sababu mbwa yule hakuwa na kosa. Tulikotoka, kabla ya kuhamishiwa kijijini, kila nyumba ilikuwa na mbuga yake. Boma letu lilizungukwa na ua wa miti ya minyaa, na kutoka mlangoni hadi kwenye minyaa ilikuwa safari. Aliyevuka minyaa bila kubisha hodi alikuwa mwizi au fisi, na mbwa wetu aliwashughulikia wote wawili bila kubagua. Nikienda kupalilia pamba nilimlaza mtoto kwenye kivuli cha kihenge cha mtama, mbwa analala pembeni, na narudi nikiwakuta vilevile, isipokuwa mtoto amejaza vumbi mdomoni. Binti yangu alijifunza kusimama kwa kushika masikio ya mbwa. Mkinipa mlezi mwingine anayekubali kushikwa masikio mchana kutwa na asidai chakula cha maana, nitamsikiliza.

Kisha tukahamia kijijini. Nyumba zilipangwa kwenye mstari kama uzi wa mwashi, hii mgongoni mwa ile. Mtu akipiga chafya kwake, wewe unamjibu kwako. Sisi watu tulielezwa kwenye mikutano. Mbwa hakuitwa mkutanoni. Yeye alijipimia boma lake kama lilivyokuwa zamani, na ndani ya kipimo hicho zilikuwemo nyumba za watu, vyoo vyao, kuku wao, na njia ya kwenda dukani. Kila aliyetoka kwake asubuhi alikuwa ameingia kwetu. Fundi baiskeli alipoteza kisigino cha kiatu. Mwanamke wa nyumba ya pili alipoteza kikapu, na mihogo ndani yake. Balozi alipoteza kile kipande cha suruali, pamoja na nyama kidogo. Kidogo sana, nasema mimi. Yeye ana hesabu yake.

Jina la mbwa sitaliandika. Mama mkwe alimpa jina la kumsema jirani, sentensi nzima ya Kisukuma kuhusu watu wanaoazima chungu na kukirudisha kikiwa na ufa. Zamani halikuwa na madhara, kwa sababu jirani mwenyewe aliishi ng'ambo ya mbuga. Kijijini alipangiwa wapi? Nyumba ya pili. Ndiye yule wa kikapu. Kila nilipomwita mbwa, yeye alitokea mlangoni, mikono kiunoni.

Basi nikaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyewahi kulinda lango la mgodi enzi za wakoloni, na kofia ya kazi ile alikuwa nayo bado. Alikuja na fimbo kwapani, akapiga kisigino kwa kisigino mbele ya mbwa, akafoka, "Siti!"

Mbwa akamtazama.

"Siti dauni!"

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, "lakini mbwa huyu anajua Kisukuma tu. Na hicho unachosema, hata mimi niliyefanya mtihani wa Kiingereza sikielewi."

"Marahaba. Mbwa wote wanajua Kiingereza," akasema. "Wako ndiye hajaenda shule."

Akanyoosha fimbo. Heri asingeinyoosha. Tulimkuta juu ya kihenge, amekumbatia paa la nyasi, na kofia ya mgodi iko mdomoni mwa mbwa. Mama mkwe, ambaye adabu hazimtoki hata nyumba ikiungua, alipiga magoti chini ya kihenge na kumsalimu upya, akampelekea maji ya kunywa kwenye kibuyu kilichofungwa kwenye upondo. Alishuka nilipomfunga mbwa. Kofia hakuidai.

Wa pili nilimpata sokoni Runzewe. Alikuwa na mkeka, na juu ya mkeka nyigu waliokaushwa, pilipili za kusaga, na mizizi myeusi, vyote dawa za kuwatia mbwa ukali. Watu walimsifu kwamba mbwa aliyepita mikononi mwake hula mlango.

"Unataka ashike mwizi gani?" akaniuliza. "Wa usiku au wa mchana?"

"Nataka asishike mtu."

Akaacha kufunga kipande cha gazeti alichokuwa akifunga. "Asishike?"

"Apunguze ukali."

Akageuka akaita wenzake wa mikeka ya jirani. "Njooni! Njooni mumsikie mama huyu!" Wakaja. Nikarudia, maana mimi sioni aibu kurudia jambo la haki. Wakacheka mpaka muuza chumvi akamwaga chumvi.

"Dada," akasema yule mtu wa nyigu, akijifuta machozi, "ukitaka mnyama asiyeng'ata, fuga bata."

"Hata bata hung'ata," nikamjibu, nikaondoka na mtoto wangu mgongoni, nikiwa na hasira ya kutosha kutembea hadi nyumbani bila kuona njia.

Hapo ndipo nilipoelewa shida yangu. Katika nchi ile yote mafundi wa mbwa walikuwepo wengi, lakini wote walikuwa wa kuongeza. Wa kupunguza hakuwepo. Nani angemtafuta?

Jibu nililipata kisimani, mahali ambapo sikulitarajia, kwa kuwa kisimani waliniita Mama Simba.

"Mpisheni Mama Simba asije akatuma mtoto wake," wakasema siku ile, wakanipisha kwa madaha.

Nilijaza ndoo. Mwanamke mmoja wa Kisumbwa, mnene, asiyependa foleni wala masihara, akaniambia, "Wewe unazunguka bure. Nenda kwa mjane wa mwindaji wa nungunungu, kule msitu unakoanzia. Mbwa wa wawindaji wanakaa kundi moja, wa kila nyumba, na watu wa kila nyumba. Umeshasikia wameng'ata mtu?"

Sikuwa nimesikia. Kesho yake nilifunga michembe, viazi vyetu vikavu, kwenye kitambaa, nikachukua mche wa sabuni ambao nilikuwa nimeuficha hata mama mkwe asijue, nikaenda.

Uwanjani kwa yule mjane mbwa walilala kama magunia. Hakuna aliyebweka. Mmoja alinyanyuka, akajinyoosha, akaja akamlamba binti yangu uji uliokaukia shavuni, akarudi kulala. Mimi nilikuwa nimeshashika jiwe.

"Weka chini jiwe langu," sauti ikasema kutoka mlangoni. "Nalitumia kusagia ugoro."

Alikuwa mama mkubwa wa mabega, na ulimi wake ulikuwa mkubwa kuliko mabega.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Nimeshasikia habari zako. Wewe ndiye uliyempandisha mzee wa watu kwenye kihenge."

"Alijipandisha."

"Ni kweli. Alistahili." Akapokea michembe, akatafuna. "Hakuna mbwa wa upande huu aliyenishinda. Wanaume waliniletea mbwa wao na sifa zao. Mbwa niliwarudishia. Sifa nimebaki nazo."

Nikampenda palepale. Mtu anayejisifu bila kuzunguka ananipumzisha.

Akanieleza kazi yake. Nungunungu humaliza mihogo na karanga, na humkuti juu ya ardhi, unamfuata shimoni. Mtu anaingia kwa kutambaa, mbwa wa nyumba zote wamezunguka nje. Anapotoka anatoka miguu kwanza, amejaa vumbi, hata mkewe hamtambui.

"Sasa mbwa anayemjua bwana wake peke yake ataona nini?" akaniuliza. "Ataona mnyama mwenye miguu miwili anatoka shimoni. Atamla. Kwa hiyo kabla ya mawindo kila mtu anabana tonge la ugali kwapani mpaka lipate joto, anampa kila mbwa. Mbwa akishakula jasho lako, wewe ni wa nyumbani kwake. Vumbi halimdanganyi."

"Ndiyo dawa yenyewe?"

"Ulitaka nini, nyigu?"

Alikuja kwetu siku iliyofuata. Mbwa alimwona tangu mbali akamjia kwa kishindo, na mimi nikapiga kelele. Yule mama alimgeuzia mgongo, akakaa chini katikati ya njia kama mtu aliyechoka, akafungua michembe akala. Hakumtazama hata mara moja. Mbwa alibweka mpaka sauti ikapungua. Akanusa mgongo ule. Naye pia akakaa, hajui la kufanya, akinitazama mimi kama vile nimemletea mgeni asiyefuata utaratibu.

"Kwenu zamani minyaa ilikuwa wapi?" akauliza yule mama, bila kugeuka.

Mama mkwe akamwonyesha kwa mkono: umbali kama wa kutoka hapa mpaka kwenye ule mti, mpaka duka, mpaka nyumba ya balozi.

"Basi mbwa hana kosa. Mmejenga ndani ya boma lake." Akameza. "Boma huwezi kumpunguzia, ameshazeeka nalo. Waingizeni watu. Mstari mzima, kila mtu na tonge lake."

Kwenye mstari ule, nyumba niliyokuwa naongea nayo vizuri ilikuwa yangu tu, na hata hiyo si kila siku.

Lakini mbwa angekufa. Nikaenda.

Nilianza na nyumba ya pili ili nimalize ubaya mapema. Nilipiga magoti, kama mama mkwe alivyonifundisha nikakataa kujifunza, nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka." Mikono kiunoni. "Umekuja kuniita jina la mbwa?"

"Nimekuja kukuomba ugali."

"Mna njaa?"

"Nataka uuweke kwapani."

Uso wake ukaanza kuvurugika, na kicheko kikatoka kwanza puani. Akaita binti zake. Akaita na nyumba ya tatu. Nikaeleza mbele ya wote, magoti yangu yakiwa mchangani. Akasema atakuja, kwa sharti moja: mbele ya mbwa, mama mkwe akiri kwamba chungu kilikuwa na ufa tangu mwanzo.

Jioni ile, jua likiwa bado juu, mstari wetu ulikuwa kama siku ya harusi. Watu walikuja wakitembea upande upande, mkono mmoja umebanwa ubavuni. Fundi baiskeli alikuja na matonge mawili, moja kila kwapa, alisema hataki kurudi. Bwana afya wa kijiji, aliyepita kukagua vyoo, alituambia jambo hili si la usafi, kisha akaomba tonge na yeye, kwa sababu vyoo vyetu bado vilimtaka. Yule mjane alisimama katikati akiongoza kama mkuu wa ngoma.

"Pole pole! Usimtupie, yeye si kuku! Mpe mkononi. Wewe, tonge lako la baridi, rudi kabane tena! Mgeuzie mbavu. Haya, mwacheni anuse."

Mama mkwe, mkononi kashika mnyororo wa mbwa, alikiri habari ya chungu kwa sauti ya chini sana. Wa nyumba ya pili alisema hajasikia. Akakiri tena. Watu wakapiga vigelegele, mbwa akala tonge la yule mwanamke, akalamba kiganja chake, na binti yangu aliyekuwa ameshika masikio ya mbwa akaachia mkono mmoja apige makofi. Mimi nilicheka. Naandika hivyo kwa kuwa mama mkwe huwa anasimulia kwamba ndiyo mara ya kwanza aliona meno yangu ya nyuma.

Kesho yake watu walipita njia ya dukani na mbwa hakunyanyuka. Alipiga mkia mchangani, basi.

Alibaki mtu mmoja. Na mtu huyo ndiye mwenye kuleta bunduki.

Nilimkuta balozi kwake, mkewe anabangua karanga mlangoni. Nikasalimu, nikaeleza. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Unataka kiongozi abane ugali kwapani kwa ajili ya mbwa."

"Kila mtu amebana."

"Mimi si kila mtu. Watu watasemaje?"

"Ndugu balozi, kwapa lako si la serikali."

"Kila kilicho changu ni cha kijiji," akasema kwa majivuno.

"Basi kijiji kinaliomba."

Mkewe akainamia karanga, mabega yanatikisika. Balozi akasimama. Alisema mkutano ni keshokutwa, mgambo ameshaambiwa, na kwamba elimu ya sekondari inaharibu wanawake. Hapo nilimjibu. Sitaandika nilivyomjibu, mama mkwe atasomewa haya. Nilirudi nyumbani nikijua nimemuua mbwa kwa mdomo wangu, na bado ningemjibu tena.

Asubuhi ya siku ya kati, mke wa balozi alipita nyuma ya vyoo akaingia kwetu na furushi kifuani. Yeye mwenyewe alikuwa amemlisha mbwa tangu jioni ile ya matonge, kwa siri ya mumewe, kwa hiyo mbwa alimpokea kama shangazi. Akafungua furushi. Lilikuwa shati.

"La kulimia," akanong'ona. "Sijalifua tangu palizi ianze. Ugali umelala humo usiku kucha, sehemu ya kwapa."

"Yeye anajua?"

"Ameniuliza shati liko wapi. Nimemwambia linafuliwa."

Yule mjane, ambaye alikuwa amekaa kwetu akisubiri sabuni yake ya malipo na pia kuona mwisho, alivuta shati karibu na pua, akageuza uso haraka.

"Hili," akasema, "linatosha mbwa wa nchi nzima."

Mbwa alikula ugali wote. Kisha alilalia shati na hakutaka kulitoa. Ilibidi mke wa balozi arudi bila hilo na atunge uongo mwingine, ambao sikuuliza ulikuwa upi.

Siku ya mkutano balozi alikuja mapema, suti ya mikono mifupi imepigwa pasi, mgambo nyuma yake na bunduki. Mstari mzima ulitoka milangoni. Yule mjane alikuwa amenikataza kumfunga mbwa. "Ukimfunga, atakuwa mfungwa, na mfungwa hafanyiwi mtihani." Nilimbeba binti yangu, naye alikuwa akijinyonganyonga ashuke kwa rafiki yake.

Balozi akavuka pale ambapo zamani minyaa ingekuwa. Akaendelea. Mbwa akanyanyua kichwa. Balozi akasimama. Mbwa akasimama pia, na kisha akamfyatukia kama jiwe la kombeo.

Mgambo aliinua bunduki. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini, labda jina la mbwa, kwa sababu wa nyumba ya pili alijibu "Abee!" kwa kuchanganyikiwa. Mbwa alimfikia balozi, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ya mbele kwenye suti iliyopigwa pasi, akaingiza pua kwapani mwake na kuanza kulamba. Alilia kwa furaha. Mkia ulimpiga mgambo mapajani. Balozi alibaki mikono juu, mdomo wazi, mbwa akihama kutoka kwapa la kulia kwenda la kushoto kana kwamba anasalimia ndugu wawili waliopotea.

Mgambo akashusha bunduki kwa sababu asingeweza kuishika na kucheka.

Balozi aliteremsha mikono pole pole. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mbwa. Kikakaa. Akatutazama sote, na nikaona uso wake unalainika, kisha unapanda, unakuwa uso wa mkutanoni.

"Mnaona?" akasema. "Hata mnyama anatambua uongozi."

Mkewe alipatwa na kikohozi, akaingizwa ndani ya nyumba ya pili. Yule mjane aliketi chini palepale na kujifunika uso kwa kanga. Wote wengine walinitazama mimi, kwa sababu walijua mdomo wangu, na walijua kwamba jibu limeshafika kwenye meno.

Nilimtazama mbwa. Nikalimeza lile neno zima zima, likishuka na kona zake zote.

"Ndiyo, ndugu balozi," nikasema. "Anatambua."

Akafuta hukumu hapo hapo, kwa maneno mengi. Kisha akageuka kuelekea mkutanoni, na mbwa akamfuata, pua karibu na mkono wake. Nilitaka kumwita arudi. Balozi akainua mkono bila kugeuka.

"Mwacheni," akasema, "ananisindikiza."

Wakaenda hivyo mstari mzima, balozi akisalimia watu kushoto na kulia, na mbwa akipiga mkia kwa kila mmoja wao.